Guthrie: Mtafiti aliyewaokoa watoto kwa tone la damu

DKT Robert Guthrie, aliyezaliwa mwaka wa 1916 katika jimbo la Missouri, Marekani, alifanya kazi kama mtafiti wa saratani mjini Buffalo. Lakini mwanawe alikuwa na ulemavu wa akili, na jambo hilo lilimfanya ageukie maradhi yanayodhuru ubongo wa watoto.

Maradhi aliyoyashughulikia zaidi ni fenilketonuria, yaliyogunduliwa na Asbjørn Følling wa Norway mwaka wa 1934. Mtoto huyarithi kutoka kwa wazazi wote wawili, ingawa wao wenyewe ni wazima. Mwili wake hushindwa kusaga fenilalanini, kiini kimojawapo cha protini, nayo hulimbikizana katika damu na kuharibu ubongo. Katika miaka ya 1950, Horst Bickel na wenzake nchini Uingereza walionyesha kwamba lishe yenye upungufu wa fenilalanini huleta nafuu.

Hata hivyo, tiba hiyo ilihitaji kipimo. Daktari aliyewahudumia watoto hao mjini Buffalo hakuwa na njia rahisi ya kujua iwapo lishe ilikuwa ikifaulu, naye akamwendea Guthrie. Mtafiti huyo aliweka damu kidogo mahali palipopandwa bakteria ambazo hazingeweza kukua bila fenilalanini. Kadiri zilivyoenea, ndivyo daktari alivyojua wingi wake katika damu.

Mwaka wa 1958, binti wa dada ya mkewe Guthrie alipatikana na maradhi hayo akiwa amepita umri wa mwaka mmoja. Ubongo ulikuwa umekwisha kudhurika, na lishe haikuweza kuurudisha. Guthrie akang'amua kwamba kipimo cha kufuatilia tiba kilifaa kutangulia tiba yenyewe. Akakirekebisha, tone la damu likatolewa kwenye kisigino cha mtoto mchanga na kukaushwa juu ya karatasi.

Majaribio yaliyofuata yalihusisha zaidi ya watoto 400,000 katika majimbo 29, na 39 wakagunduliwa mapema. Mwaka wa 1963, jimbo la Massachusetts likafanya upimaji huo kuwa lazima kisheria. Guthrie hakudai malipo ya uvumbuzi wake, na alipinga vikali kampuni ilipotaka kuuza vifaa vyake kwa bei ghali.

Aliaga dunia mwaka wa 1995. Vifaa vya maabara vimebadilika tangu wakati huo, lakini karatasi yenye tone la damu ingali inatumika katika mataifa mengi.