Louis Braille aliwapa wasioona kalamu, mashine zisiwapokonye

Siku hizi simu ya mkononi inaweza kumsomea asiyeona barua, kumtajia rangi ya shati lake na kumweleza kilichomo katika picha. Kwa sababu hiyo limezuka swali ambalo walimu hawana budi kulijibu kabla halijajibiwa na wauzaji wa vifaa. Je, mtoto asiyeona angali na haja ya kufunzwa maandishi ya breli, yale ya nukta nundu yanayosomwa kwa ncha za vidole, ilhali mashine inaweza kumsomea kila kitu kwa sauti? Wapo wanaodhani kwamba breli imepitwa na wakati, na kwamba fedha za kuchapishia vitabu vyake vikubwa zingefaa zaidi kununulia vifaa vinavyozungumza. Kabla ya kukata shauri, ni vyema tuyarejelee maisha ya mtu aliyeyabuni maandishi hayo. Mjadala wenyewe si mpya. Yeye aliupitia akiwa hai, na nusura kazi yake izikwe kabla yake.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya jiji la Paris nchini Ufaransa. Alikuwa kitindamimba katika jamaa ya watoto wanne. Babake, Simon-René, alikuwa fundi wa ngozi aliyeshona hatamu na matandiko ya farasi, na karakana yake ilikuwa hapo hapo nyumbani. Louis alipokuwa na umri wa miaka mitatu aliingia humo, akashika chombo chenye ncha kali na kuanza kuiga kazi ya babake. Chombo kiliteleza kikamchoma jichoni. Tiba ya zama hizo haikuweza kuyazuia maambukizi, nayo yakaenea hadi jicho la pili. Alipotimiza miaka mitano hakuwa akiona chochote.

Katika Ulaya ya wakati ule, aghalabu mtoto wa watu wa kawaida aliyepoteza macho aliishia kuombaomba. Wazazi wa Louis hawakuikubali kudura hiyo. Kasisi wa kijiji, Jacques Palluy, alianza kumfunza, kisha mwalimu wa shule ya kijiji, Antoine Bécheret, akakubali aketi darasani pamoja na wenzake wanaoona. Tusilipite jambo hili haraka. Mwalimu yule hakuwa na vifaa maalumu wala mafunzo ya kumfundisha asiyeona. Alichokuwa nacho ni nafasi moja kwenye benchi, akaitoa. Mtoto akasikiliza, akahifadhi, akawa miongoni mwa wanafunzi hodari.

Mnamo mwaka 1819, akiwa na miaka kumi, Louis alipelekwa Paris katika shule ya vijana wasioona iliyoasisiwa na Valentin Haüy katika miaka ya 1780. Haüy alikuwa mtu mwema aliyeamini, tofauti na wengi wa wakati wake, kwamba asiyeona anaweza kuelimika. Alichapisha vitabu ambavyo herufi zake zilikuwa zile zile za kawaida, ila ziliinuliwa juu ya karatasi nzito ili zipapaswe kwa vidole. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na sifa zake tumpe. Hata hivyo vitabu hivyo vilikuwa vizito mno na vichache mno. Kidole kililazimika kuzunguka umbo la kila herufi pole pole, hata msomaji alipofika mwisho wa sentensi mwanzo wake ulikuwa umeanza kumponyoka. Kubwa zaidi ni kwamba mwanafunzi hangeweza kuandika kwa njia hiyo. Alikuwa msomaji wa yale aliyochaguliwa na wengine, basi.

Kwa nini basi herufi hizo zilipendwa? Zilipendwa kwa kuwa zililiridhisha jicho. Mwalimu anayeona aliweza kuzisoma, na mfadhili anayeona aliweza kuzisifu. Waliozibuni hawakuwa watu wenye nia mbaya, lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwaka 1821 shule hiyo ilipata kuufahamu uvumbuzi wa Charles Barbier, aliyewahi kuwa afisa wa kikosi cha mizinga. Bwana huyo alikuwa amebuni maandishi ya nukta zilizoinuliwa, yawezayo kusomwa gizani kwa kupapasa. Wanafunzi waligundua mara moja kwamba kidole huitambua nukta upesi kuliko mstari. Lakini maandishi hayo nayo yalikuwa na dosari. Kikundi kimoja kiliweza kuwa na nukta kumi na mbili, kikawa kirefu kupita ncha ya kidole. Isitoshe, yaliwakilisha sauti tu, si tahajia; hayakuwa na alama za uakifishaji, na hesabu na muziki havikuwa na mahali humo.

Hapo ndipo kijana Braille alipoanza kazi yake. Akiwa na kibao, karatasi na kalamu yenye ncha, alijaribu na kujaribu tena saa za masomo zilipokwisha. Kufikia mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, alikuwa amekwisha kuujenga msingi wa mpango wake. Alizipunguza nukta kumi na mbili zikawa sita, zilizopangwa katika safu mbili za tatu tatu, ili kikundi kizima kitoshe chini ya ncha ya kidole kwa mguso mmoja. Nukta hizo sita zinatoa maumbo 63, nayo yanatosha herufi, tarakimu, alama za uakifishaji na noti za muziki. Mpango wenyewe una utaratibu ambao mwalimu yeyote ataupenda. Herufi kumi za mwanzo, a hadi j, hutumia nukta nne za juu pekee. Kumi zinazofuata hurudia maumbo yale yale kwa kuongeza nukta moja ya chini upande wa kushoto. Herufi w haikuwamo mwanzoni, maana Kifaransa hakikuihitaji sana. Iliongezwa baadaye, na ndiyo sababu hadi leo haifuati utaratibu wa jirani zake. Bila nyongeza hiyo, Mswahili asingeweza kuandika watu, wali wala wewe.

Alichapisha mpango wake mwaka 1829, na humo alikiri wazi deni lake kwa Barbier. Mgala muue na haki umpe. Toleo lililosahihishwa lilitoka mwaka 1837. Wakati huo alikuwa mwalimu katika shule ile ile iliyomlea, na pia mpiga kinanda kanisani jijini Paris. Ikumbukwe kwamba hakutaka wasioona wajifungie katika maandishi yao wenyewe. Mwaka 1839 alitangaza mpango mwingine wa kuandika herufi za kawaida kwa nukta, ili asiyeona aweze kumwandikia mzazi au rafiki anayeona. Kisha Pierre Foucault, ambaye naye hakuwa akiona, akaunda mashine ya kuurahisisha uandishi huo. Braille, kwa hiyo, hakuwa adui wa mashine. Alizikaribisha pale zilipomwongezea asiyeona uwezo wa kusema lake.

Lakini mambo yaligeuka. Mwaka 1840 mkuu wa shule aliyemuunga mkono, Alexandre Pignier, aliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na Armand Dufau. Huyu alipendelea herufi zinazofanana na za wanaoona. Hoja ya wapinzani wa nukta ilikuwa kwamba maandishi ya pekee yangewatenga wasioona na jamii. Ni hoja iliyosikika kama ya huruma, lakini ilitolewa na watu ambao hawakuwahi kusoma ukurasa hata mmoja kwa kidole. Nukta zikawekwa kando. Husimuliwa kwamba wanafunzi hawakuziacha. Waliendelea kuandikiana kwa siri, kwa kuwa walikwisha kuonja uhuru wa kuandika. Hatimaye naibu wa mkuu, Joseph Guadet, alitambua ukweli. Mwaka 1844, shule ilipofungua jengo lake jipya, Guadet aliueleza mpango wa Braille mbele ya umma, na wanafunzi wakaonyesha wanavyosoma na kuandika kwao.

Afya ya Braille ilikuwa imeharibika zamani kwa kifua kikuu. Alifariki tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Ufaransa ilikuwa bado haijayakubali rasmi maandishi yake. Ilifanya hivyo mwaka 1854. Mwaka 1878 kongamano la kimataifa mjini Paris liliyachagua kuwa njia ya kufundishia wasioona. Mnamo 1952, karne moja baada ya kifo chake, mwili wake ulihamishwa hadi Panthéon, wanakozikwa mashujaa wa Ufaransa. Mikono yake iliachwa Coupvray, na kwa hakika watu wa kijiji chake walijua walichokuwa wakikihifadhi.

Maandishi hayo yalifika kwetu pia. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona mjini Thika mwaka 1946, na tangu hapo wametoka katika shule za aina hiyo walimu, mawakili na viongozi waliosoma kwa vidole. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaja breli kwa jina. Kifungu cha 7 kinaiagiza serikali iistawishe, na kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitumia. Kwa hivyo breli nchini mwetu si hisani, ni haki.

Sasa tuzitazame mashine. Mwaka 1976 ilitokea Marekani mashine ya Kurzweil iliyoweza kukisoma kitabu kilichochapishwa na kukitamka. Baadaye zikaja programu za kompyuta zinazosoma kwa sauti yaliyo kwenye kioo. Mojawapo, NVDA, ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, nayo hutolewa bila malipo. Mwaka 2015 Hans Jørgen Wiberg wa Denmark, mwenye uoni hafifu, alizindua Be My Eyes, programu ya simu inayomuunganisha asiyeona na mtu anayeona aliyejitolea kumsaidia. Mwaka 2023 ikaongezewa akili unde, yaani mashine inayoitazama picha na kuieleza kwa maneno. Asiyemwona mwuza duka usoni sasa anaweza kuuliza bei iliyoandikwa kwenye kopo bila kumsubiri mpwawe atoke shuleni. Hayo si mambo madogo, na ni mjinga tu atakayeyabeza.

Hata hivyo akili unde ina tabia moja ambayo mwalimu hapaswi kuisahau. Inapokosea haisiti wala haibadili sauti. Hutaja jina la dawa lisiloandikwa kwenye chupa kwa uhakika ule ule inaotaja lililoandikwa. Anayeona hutupa jicho akagundua. Asiyeona ambaye hajui kusoma kwa mkono atagunduaje? Mwenye breli ana njia ya pili: anaweza kuitia chupa alama yake mwenyewe, kuyaandika maagizo ya daktari na kuyasoma tena peke yake usiku wa manane, betri ikiwapo au isiwepo.

Fauka ya hayo, kusikia si kusoma. Anayesikiliza shairi huzisikia vina, lakini haoni mishororo ilivyopangwa wala ubeti unapoishia. Anayesomewa hesabu ya sehemu, yenye mabano ndani ya mabano, huelemewa kabla ya kufika katikati. Nukta na mkato, herufi kubwa na mwanzo wa aya, vyote hupita sikioni bila kuacha alama. Na yuko yule asiyeona wala asiyesikia. Kwake mashine inayozungumza ni bubu, ila breli bado humfikia.

Haya hayamaanishi kwamba tuchague kimoja tukitupe kingine. Vipo vifaa vya kielektroniki vinavyoinua na kushusha nukta kwa amri ya kompyuta, vikaugeuza ukurasa wa kioo kuwa breli chini ya vidole. Hapo akili ya mashine na ya kijana wa Coupvray hufanya kazi pamoja. Hatari iko kwingine. Iko pale mwenye bajeti anapoona simu inazungumza, akahitimisha kwamba mwalimu wa breli hahitajiki tena. Huko ni kurudia kosa la mwaka 1840, yaani anayeona kumwamulia asiyeona kile kimfaacho, kwa kuwa yeye mwenyewe amependezwa nacho.

Basi, mwalimu mwenzangu, kifaa kipya kikiletwa shuleni, usiridhike na maonyesho ya mwuzaji. Mpe mwanafunzi asiyeona akitumie kwa muhula mzima, kisha umuulize kimemsaidia wapi na kimempotosha wapi. Ulizia kama kinaelewa Kiswahili au kinakitamka kama Kiingereza. Ulizia kama kinamwezesha mtoto kuandika au kinamfanya msikilizaji tu. Na wakati majibu yakitafutwa, kibao na kalamu ya breli visiondoke mezani kwake. Nawe mwanafunzi unayeona, jifunze walau kuandika jina lako kwa nukta sita, ili mwenzako wa dawati moja apate mtu wa kumwandikia.

Braille aliwakuta wenzake wakisoma kidogo na wasiweze kuandika lolote. Alipokufa, kila mmoja wao aliyejifunza mpango wake aliweza kuweka fikira zake kwenye karatasi, akazirudia, akazisahihisha. Mtihani wa mashine za leo uwe huo huo.