Mfahamu Grzimek, Mjerumani aliyelala ukingoni mwa Ngorongoro

Ukitoka Nambis, Mbulu, ukapita Karatu na kuvuka lango la Loduare, barabara inapanda msituni hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Kando yake kuna mnara wa mawe. Watalii husimama, wanapiga picha, wanaondoka. Waliolala hapo ni baba na mwanawe.

Baba ni Bernhard Grzimek, daktari wa mifugo aliyezaliwa mwaka 1909. Mei 1945 alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani. Mabomu ya vita yalikuwa yameiharibu vibaya, na wanyama waliobaki walikuwa wachache sana.

Wakati huo watu walikuwa na njaa, nani angelipa kutazama wanyama? Grzimek akaweka michezo na burudani bustanini. Watu wakaja, fedha ikapatikana, bustani ikainuka tena. Aliiongoza hadi 1974.

Lakini hakuridhika na wanyama wa kwenye uzio tu. Kuanzia 1956 alikuwa na kipindi cha televisheni, na mara nyingi aliingia studio na mnyama hai. Watazamaji walicheka, wakajifunza, kisha akawaomba wachangie kuwalinda wanyama wa porini.

Mwaka huohuo filamu yake kuhusu wanyama wa Afrika ilimwingizia fedha. Alitaka kununua ardhi ili kuongeza hifadhi. Viongozi wa hifadhi za Tanganyika wakamshauri vingine: awahesabu kwanza wanyama wa Serengeti na kujua wanakohamia, maana mipaka ilikuwa karibu kubadilishwa.

Mwishoni mwa 1957 yeye na mwanawe Michael walirusha ndege ndogo kutoka Ujerumani hadi Tanganyika. Ilipakwa mistari kama pundamilia. Wakiwa angani walihesabu zaidi ya wanyama wakubwa 366,000. Wakagundua pia kwamba makundi ya nyumbu yanavuka mipaka iliyokuwa imependekezwa.

Januari 10, 1959, Michael alikuwa akirusha ndege hiyo peke yake. Akagongana na tumbusi, ndege ikaanguka, akafariki akiwa na miaka 24. Akazikwa ukingoni mwa kreta.

Baba hakuacha kazi. Alikamilisha filamu yao ya Serengeti, ikashinda tuzo ya Oscar mwaka 1960. Kupitia filamu hiyo, watu wengi wa Ulaya waliifahamu Serengeti kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo, si kila mtu anamkumbuka kwa shukrani. Grzimek aliamini hifadhi ya taifa haifai kuwa na watu wala mifugo. Mwaka huohuo wa 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, jambo alilolipinga, na Wamasai wa Serengeti wakatakiwa kuhamia Ngorongoro. Kwa wafugaji hao, hifadhi ilimaanisha kupoteza malisho na maji. Mvutano wa ardhi kati ya watu na wanyama bado upo hadi leo.

Grzimek alifariki Machi 13, 1987, jijini Frankfurt, akiwa anatazama sarakasi. Majivu yake yaliletwa Ngorongoro yakazikwa kando ya mwanawe.

Shirika la wanyama la Frankfurt alilolijenga bado linafanya kazi Serengeti pamoja na TANAPA. Kumbe kiingilio cha mtoto wa Frankfurt anayekwenda kutazama twiga kinaweza kumsaidia askari wa wanyamapori huku kwetu.