Khabari za Mtoto wa Butiama

Ama baada ya hayo, ewe ndugu msomaji, jua ya kuwa Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama, katika nchi ya Wazanaki, mwezi wa Aprili mwaka 1922. Babake alikuwa Mtemi Burito. Mamake Bi Mugaya, mke wa tano katika wake 22. Juu ya kuwa mwana wa mtemi, alichunga mbuzi na kushika jembe kama wenziwe. Hakuwa wa dini yetu, alibatizwa Mkatoliki mwaka 1943. Lakini insafu haichagui mtu.

Miaka 12 alikaa pasipo skuli. Husimuliwa ya kuwa alikuwa hodari wa bao, na Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu, upande wa Bunda, alipoiona akili yake katika mchezo ule, alimnasihi Burito ampeleke kusoma. Basi mwaka 1934 akaingia skuli ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa maili 26 hivi. Masomo ya miaka 4 akayakhitimu kwa 3, na mwaka 1937 akaenda Tabora.

Hapa nataka tusimame kidogo. Waliobaki na mbuzi Butiama hawakupungukiwa akili. Walipungukiwa na mtu wa kuwasemea. Na mtu aliyefunguliwa mlango kwa neno la jirani, akiwa na insafu, hawezi kudhani ya kuwa aliufungua mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa chuo, nami nawajua watoto wajao umri umewapita, wameinamisha nyuso kwa haya mbele ya wadogo zao. Haya ile haiwatoki upesi.

Alipokuwa Makerere aliandika insha juu ya unyonge wa wanawake wa kwao. Naye alikuwa amekwisha kumwona mamake shambani. Kisha, miaka 40 baada ya kuingia Mwisenge, chama chake cha TANU kilikutana mjini Musoma, Novemba 1974, kikakata shauri kila mtoto aingie skuli ya msingi ifikapo mwaka 1977. Kweli, waalimu hawakutosha, na vijana waliomaliza juzi walipewa madarasa wafundishe. Wengi walisoma kwa shida. Lakini walihesabiwa wote, hata wachunga mbuzi wasio na mtemi wa kuwasemea.

Alipotoka katika urais mwaka 1985 alirejea Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.