Mahdi wa Sudan: Mtoto wa Kodi na Kiboko

Ni wachache miongoni mwa waliowahi kuzitikisa dola kubwa walioanzia chini kama Muhammad Ahmad bin Abdallah. Alizaliwa tarehe 12 Agosti 1844 katika kisiwa cha Labab, karibu na Dongola, na baba yake alikuwa fundi wa kuunda mashua. Jina lake hutajwa kila panapozungumzwa habari za siasa kali ya dini, na wapo wanaodhani kuwa moto aliouwasha ulitoka msahafuni peke yake. Sisi hatukubaliani nao. Kuni zilianza kukauka miaka sitini kabla, na waliozikata walikuwa watoza kodi na askari. Ndiyo maana tumeona vema kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na polisi hapa Juba maisha ya mtu huyu.

Mnamo 1820 Muhammad Ali, aliyeitawala Misri chini ya Sultani wa Uturuki, alituma jeshi kuiteka Sudan, akitafuta dhahabu na watumwa wa kuwatia jeshini. Wananchi waliiita serikali hiyo ya Waturuki. Kodi ilitozwa juu ya mashamba, mifugo, hata magurudumu ya kuteka maji ya mto. Askari ambaye mshahara wake ulichelewa alijilipa mwenyewe katika nyumba ya mkulima, na asiye na cha kutoa alichapwa kiboko. Wengi waliyahama mashamba ya baba zao. Huku kwetu kusini hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa wafanyabiashara wa pembe walijenga ngome na kuwinda watu kama wanyama.

Misri nayo ikazama katika madeni ya Ulaya, na mwaka 1876 ikafilisika. Mzigo ukamwangukia tena mkulima wa Sudan. Mwaka uliofuata Gordon, Mwingereza na Mkristo, alifanywa gavana mkuu, akaibana biashara ya watumwa. Kuibana kulikuwa haki, na sisi wa kusini ni wa mwisho kulilalamikia jambo hilo. Lakini lilitekelezwa na serikali ileile ya kiboko, likawanyima riziki wafanyabiashara wenye bunduki na wafugaji wa Kibaggara. Hivyo mdhulumiwa na mdhulumu wa jana wakajikuta wana adui mmoja.

Katikati ya hayo alikulia Muhammad Ahmad. Aliingia twarika ya Sammaniyya, akasifika kwa ucha Mungu na kuikimbia anasa, hata akagombana na sheikhe wake kwa sababu ya ngoma na karamu za kutahiri watoto. Mwaka 1870 alihamia kisiwa cha Aba, katika Nile Nyeupe. Alipozuru Kordofan aliyaona mateso ya watu kwa macho yake. Masheikhe waliolipwa mshahara na serikali walinyamaza. Watu wakawa wanamngojea Mahdi, kiongozi ambaye Waislamu wengi huamini atakuja kuijaza dunia haki, na mwisho wa karne ya 13 ya Hijra ulikuwa umekaribia. Tarehe 29 Juni 1881 alitangaza kuwa ndiye.

Serikali ilituma kombania mbili kumkamata. Inasimuliwa kwamba kila kapteni aliahidiwa cheo iwapo yeye ndiye atakayemtia nguvuni, hivyo kila mmoja akaenda kwa njia yake, usiku, katika matope. Gizani walifyatuliana risasi wao kwa wao, na watu wenye fimbo, mikuki na panga wakawamaliza. Kwetu sisi askari, hizo ni amri mbovu zilizozaa maafa. Kwa mkulima aliyesikia habari hiyo ulikuwa muujiza, na kuanzia siku ile hakuna aliyeweza kumwambia vinginevyo.

Ushindi ulifuatana. El Obeid ilisalimu amri Januari 1883. Tarehe 5 Novemba mwaka huo jeshi la Hicks, watu wapatao 10,000 waliodhoofishwa na kiu, liliangamizwa Shaykan. Khartoum ilianguka tarehe 26 Januari 1885, Gordon akauawa. Lakini kadiri nguvu zilivyokua, ndivyo uvumilivu ulivyopungua. Muislamu asiyemkubali Mahdi alihesabiwa kafiri, na damu na mali yake vikawa halali. Twarika nyingine zilipigwa marufuku, vitabu vya wanazuoni vikachomwa moto, jihadi ikatangulizwa mbele ya hija. Yeye mwenyewe alifariki kwa maradhi tarehe 22 Juni 1885, hata miezi mitano ya ushindi haijatimia.

Abdallahi, Mbaggara aliyemfuata tangu Aba, ndiye aliyeshika dola kwa jina la Khalifa. Kodi zikarudi, na mwaka 1889 njaa kuu iliua watu wasiohesabika. Wadinka wa Bahr el Ghazal walikuwa wameinuka dhidi ya Waturuki sambamba na wafuasi wa Mahdi. Walipoona wageni hawa nao wanataka watumwa na ng'ombe, wakawageuka. Mwaka 1888 meli za Khalifa zilipanda mto hadi Rejaf, mwendo mfupi kusini ya mji wetu wa leo, na hapo pakawa kambi ya jeshi na mahali pa uhamisho mpaka tarehe 17 Februari 1897, Chaltin alipopateka kwa ajili ya Mfalme wa Ubelgiji.

Mwisho ulikuja Karari, karibu na Omdurman, tarehe 2 Septemba 1898. Asubuhi moja tu watu wa Khalifa wapatao 11,000 waliuawa. Pande zote mbili walikuwapo askari weusi waliotekwa katika nchi za kusini na milima ya Wanuba: wengine chini ya bendera ya Khalifa, wengine katika vikosi sita vya Kisudani vya Kitchener. Kitchener aliamuru kaburi la Mahdi libomolewe. Hata hivyo, Waingereza walioanza kutawala mwaka 1899 walijitahidi kuifanya kodi ya kaskazini iwe nyepesi, kwa kumhofia Mahdi wa pili.