Karamojo Bell: Mwindaji wa ndovu aliyeamini risasi ndogo

Miongoni mwa wawindaji wa Kizungu waliofika Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, ni wachache wanaobishaniwa hadi leo kama Walter Dalrymple Maitland Bell, Mskochi aliyepachikwa jina la Karamojo kutokana na nchi ya Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda.

Alizaliwa mwaka 1880 karibu na Edinburgh. Wazazi wake walifariki angali mtoto mdogo, akalelewa na kaka zake, na akiwa bado kijana akaingia ubaharia.

Alipokuwa na umri wa miaka 17 hivi alikuwa tayari Afrika Mashariki, akiwapiga simba waliowahangaisha wajenzi wa reli ya Uganda. Baadaye alikwenda Klondike, Canada, wakati wa mbio za dhahabu, kisha akapigana katika vita vya Makaburu.

Mwaka 1902 alirejea Afrika Mashariki. Kutoka Mumias, mji ambao misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilikuwa ikiutumia kwa muda mrefu, aliongoza msafara wake kuelekea Karamoja kutafuta pembe za ndovu.

Bunduki iliyozusha mjadala

Wakati huo wawindaji wengi waliamini kuwa ndovu huangushwa kwa uzito. Bunduki zao kubwa zilirusha risasi za gramu 48 hadi 58, na teke lake liliweza kumyumbisha mpigaji.

Bell alishika njia nyingine. Silaha aliyoipenda ilikuwa bunduki nyepesi ya Rigby yenye mtutu wa milimita 7, na risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 11 tu.

Siri yake ilikuwa elimu ya maumbile. Alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na akajizoeza kuulenga kutoka pande zote, hata kwa mshazari kutokea nyuma.

Risasi aliyoichagua ilikuwa ndefu kwa kulinganisha na unene wake, yenye ncha ya mviringo na iliyofunikwa kabisa kwa chuma. Haikutanuka wala kupinda kirahisi, hivyo ilipenya mfupa ikifuata mstari ilioelekezwa.

Alikuwa mkali vilevile kuhusu ubora wa risasi. Baruti inayochelewa kuwaka, au ganda linalopasuka na kukwama ndani ya bunduki, ni hatari ya kifo mbele ya ndovu aliyekasirika. Ndiyo maana alizithamini risasi za milimita 7 zilizotengenezwa Ujerumani, ambazo aliziona za kutegemewa.

Hesabu ya ndovu

Kwa hesabu yake mwenyewe aliua ndovu 1,011, wengi wao kwa bunduki hiyo ndogo. Alikadiria kuwa kila ndovu alimgharimu mwendo wa kilomita 117 hivi kwa miguu, na kwamba alimaliza jozi 24 za viatu kwa mwaka.

Hakufanya kazi hiyo peke yake. Wakaramojong walimwonyesha walipo madume makubwa na kuzawadiwa ng'ombe, na nyama iligawiwa wenyeji. Pembe zilisafirishwa kwenda kuuzwa, na faida ilikuwa ya Bell.

Baada ya Karamoja aliwinda katika eneo la Lado, magharibi mwa Mto Nile, na katika Kongo ya Wafaransa. Huko Afrika ya Kati aliangusha nyati 23 kwa bunduki ndogo zaidi, aina ya Savage ya .22.

Vita vya kwanza vya dunia vilimgeuza kuwa rubani wa Uingereza, akihudumu pia katika anga ya Tanganyika, na akatunukiwa nishani ya kijeshi.

Uzeeni aliishi Scotland, ambako aliwinda kulungu kwa bunduki ya .220 Swift, aina iliyoingia sokoni mwaka 1935 na ambayo risasi yake ndogo huenda kwa kasi kubwa mno. Alifariki mwaka 1954.

Urithi wake una sura mbili. Wapenzi wa shabaha wanamkumbuka kwa kuthibitisha kuwa usahihi unaweza kushinda ukubwa. Hata hivyo usahihi huo ulitumika kuwapunguza ndovu, na mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe zao. Karamoja yenyewe sasa ina hifadhi ya taifa ya Kidepo, na ndovu wanaoishi humo wanalindwa na askari wenye bunduki.