Pierre Sonnerat na ndege anayecheka

Leo tunaleta habari za Pierre Sonnerat, Mfaransa mmoja ambaye watu wa elimu ya ndege na ya miti wanamjua sana, wengine kwa kumsifu, wengine kwa kumcheka. Sisi tulimkuta kwa sababu ya ndege, na hiyo ndege tutaifikia.

Alizaliwa Lyon mwaka wa 1748. Wakati ule Wafaransa walishika kisiwa cha Mauritius katika bahari ya Hindi, wakakiita Ile de France. Mmoja wa wakubwa wa kisiwa alikuwa Pierre Poivre, mtu wa jamaa yake. Mwaka wa 1768 Sonnerat akafika kule, kijana wa miaka 20 hivi, akawa mwandishi wa Poivre. Huko akakutana na Philibert Commerson, mjuzi wa mimea aliyekuja na merikebu za Bougainville zilizokuwa zikizunguka dunia. Commerson akamfundisha kukusanya majani na wanyama, kuvikausha na kuvichunga. Lakini kuchora, hiyo njo ilikuwa mkono wake mwenyewe.

Poivre alikuwa na shauri moja lisilomtoka kichwani. Karafuu na kungumanga zilitoka visiwa vya Molukasi tu, na Waholanzi walizilinda kabisa ili wauze wao peke yao, kwa bei wanayotaka. Yeye alitaka kupata miche kwa siri. Basi mwaka wa 1771 merikebu zikatumwa, na Sonnerat ndani yake. Walipita visiwa vya Filipino, wakafika kisiwa kidogo kinaitwa Gebe, na mwaka wa 1772 wakarudi na miche mingi. Kazi hiyo haikuwa ya mchezo. Karafuu za Unguja na Pemba, ambazo baadaye zilijulikana dunia nzima, mbegu zake zilipita katika visiwa hivi vya Wafaransa.

Sasa tuangalie karte. Gebe iko karibu na kisiwa kikubwa cha Guinea Mpya, lakini haiko Guinea Mpya. Sonnerat hakukanyaga Guinea Mpya hata siku moja. Na hata hivi, aliporudi Ufaransa akatoa kitabu mwaka wa 1776, akakiita Safari ya Guinea Mpya! Ndani yake kuna picha yake mwenyewe ameketi anachora. Kitabu kilisomwa sana, maana watu wa Paris walikuwa na njaa ya habari za inchi ambazo hakuna mtu wa kwao aliyeziona.

Katika kitabu kile aliandika kwamba Guinea Mpya kuna pengwini, na akachora aina tatu. Pengwini! Wale ndege wasioruka, wanaoishi katika baridi ya kusini ya dunia, na Guinea Mpya iko karibu na ikweta, joto kama la kwetu au kupita. Yaonekana alipata ngozi zao kwa wasafiri wengine, huenda kwa Commerson, ambaye merikebu za Bougainville zilimpitisha bahari za kusini. Mmoja wa pengwini hao anaitwa Pygoscelis papua hata leo, na Papua hajawahi kuiona.

Pamoja na pengwini akaweka mdiria mmoja mkubwa, mwenye rangi ya kahawia na nyeupe. Huyu njo ndege wetu. Wazungu wa Australia wanamwita kookaburra, jina walilolitoa kwa wenyeji wa kabila la Wiradjuri, na ukilitamka upesi utasikia sauti ya ndege mwenyewe. Kwao ni mashariki ya Australia, si Guinea Mpya. Inafikiriwa kwamba Sonnerat alipewa ndege aliyekaushwa na mmoja wa wajuzi waliosafiri na kapiteni Cook, ambaye alipita pwani ile mwaka wa 1770.

Tunajua midiria ya kwetu, yule anayekaa juu ya mto kisha anajitupa majini kama jiwe na kutoka na samaki. Kookaburra ni wa jamaa hiyo, na ndiye mzito kuliko wote, hata kumpita mdiria mkubwa wa mito ya Afrika: gramu 300 na zaidi, urefu sentimeta 40 na kitu. Lakini mto si shauri lake. Anakaa juu ya tawi, kimya, anatazama chini. Akiona mjusi, panya, panzi, mnyoo au nyoka, anashuka. Nyoka anamshika kwa mdomo na kumpiga juu ya tawi, pa, pa, mpaka amekufa, kisha anammeza.

Asubuhi mapema na jioni jamaa nzima inaanza kucheka pamoja. Mmoja anaanza polepole, wengine wanaitikia, mpaka msitu wote unajaa kicheko kama cha watu. Si furaha. Wanaambia majirani: hapa ni kwetu, msivuke. Wazazi wanakaa pamoja miaka mingi, na watoto wakubwa hawaondoki upesi. Wanabaki kusaidia kulalia mayai na kulisha wadogo wao, kama dada mkubwa katika nyumba zetu. Mayai mara nyingi ni matatu, ndani ya tundu la mti, na yanalaliwa siku kama 24 hivi. Hapa kuna jambo gumu kidogo. Kinda akizaliwa, ncha ya mdomo wake ina ndoano, na kama chakula ni kidogo wakubwa wanampiga mdogo wao mpaka anakufa. Wakikaribia kuruka, ile ndoano imekwisha potea.

Turudi kwa Sonnerat. Ndege wake alichorwa tena Paris katika picha za rangi za Daubenton na Martinet, na chini yake wakaandika kwamba ni mdiria wa Guinea Mpya. Mwaka wa 1783 Johann Hermann wa Strasbourg, ambaye alitegemea picha ile tu, akampa jina la Kilatini lenye maneno novae Guineae. Mwaka uleule Boddaert, Mholanzi, akampa jina lingine, gigas, ndiyo kusema jitu. Hili la pili lilitumika miaka mingi, na sisi tungelipenda libaki. Lakini sheria ya wajuzi inasema jina la kwanza ndilo lenye haki, hata kama lina uongo ndani. Mwaka wa 1926 Mathews wa Australia akaonyesha kwamba Hermann alitangulia. Basi, Guinea Mpya ikarudi.

Tungekuwa wabaya kama tungemaliza na hayo. Mtu huyu alisafiri tena India na China kutoka 1774 mpaka 1781, na kitabu chake cha 1782 ni cha thamani kweli. Ndani yake wajuzi walisoma mara ya kwanza habari za indri na aye-aye, wanyama wa Madagaska, na tunda la lichi lina jina lake katika elimu ya mimea mpaka leo. Kuku mmoja wa mwitu wa India anaitwa Gallus sonneratii. Na ule mti wa mikoko ambao watu wa pwani wanauita mlilana, wajuzi wanauita Sonneratia. Kwa hiyo shahidi huyu alisema kweli mara nyingi, na kila mara inabidi kumpima upya.

Alirudi tena India, akatumikia serikali ya Wafaransa kule miaka mingi, na mwisho akafa Paris mwaka wa 1814. Mwaka uliofuata Mwingereza Leach akageuzageuza herufi za Alcedo, jina la Kilatini la mdiria, akapata Dacelo, na hilo likawa jina la ukoo wa kookaburra wote. Guinea Mpya wako kweli kookaburra, lakini wa aina zingine: mwenye tumbo jekundu, mwenye madoa, na mwenye mabawa ya buluu. Huyu wa buluu alipewa jina la Leach, ambaye naye hakufika kule.