Safari ya Mwisho ya Daktari Livingstone

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi wakatekumeni mnaojitayarisha kwa Ubatizo, leo tutawasimulia habari za mtu ambaye nyayo zake zilipita katika nchi yetu ya Maniema. Jina lake ni David Livingstone. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mprotestanti wa Uskoti, mhubiri na mganga. Watu wengi humsifu kwa sababu ya safari zake. Sisi leo tutatazama safari moja tu, ile ambayo kila mtu ataifanya: safari ya ugonjwa, uzee na kufa. Tuone jinsi alivyojiweka tayari, na mahali alipopungukiwa.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi alianza kufanya kazi katika kiwanda cha pamba, na jioni akaenda shule. Akajifunza uganga, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini. Huko alimwoa Mary, binti wa mhubiri Moffat, wakapata watoto. Lakini moyo wake ulipenda njia kuliko nyumba. Mkewe akafa kwa homa mwaka 1862, kando ya mto Zambezi, na watoto wakalelewa mbali na baba yao.

Mwaka 1864 alirudi kwao kwa muda. Wakati huo alikuwa na ugonjwa wa bawasiri, uliomtoa damu nyingi. Mganga mkubwa alimshauri akubali kupasuliwa. Livingstone, ambaye mwenyewe aliwatibu wengine, alikataa. Hakutaka habari za ugonjwa wake zijulikane na watu na kuandikwa katika magazeti. Basi akarudi Afrika na ugonjwa wake mwilini. Wahenga walisema kweli: mficha maradhi, kilio humfichua.

Mwaka 1866 alitoka Unguja kwenda kutafuta chanzo cha mto Nili. Januari 1867, njiani, wachukuzi wawili walitoroka, na pamoja nao likapotea sanduku lake la dawa. Siku ile alijiona kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa kufa, kwa maana alijua vema homa za nchi hizi. Hata hivyo hakurudi pwani. Alisonga mbele bila dawa, akanyeshewa na mvua, akala mahindi magumu hata meno yake yakang'oka.

Katika Juni 1868 jambo dogo lilitokea, nanyi lishikeni vema, kwa maana tutalirudia. Akipita katika msitu aliona kaburi moja. Lilikuwa limetunzwa vizuri, kimya, chini ya miti. Akaandika katika daftari lake kwamba kaburi la namna ile ndilo angalilipenda kwa ajili yake mwenyewe: kulala katika msitu mtulivu, mifupa yake isisumbuliwe na mkono wa mtu. Aliyaandika hayo, kisha akaendelea na njia.

Mwaka 1869 alifika Ujiji akichukuliwa kwa machela, mapafu yake yakiwa mabovu. Alipopata nafuu kidogo alivuka ziwa Tanganyika akaingia Maniema. Alifika Bambare, ambapo leo tunapaita Kabambare. Mwaka uliofuata miguu yake ilipata vidonda vikubwa vilivyomla nyama, akalazwa katika nyumba yake miezi mingi, tangu Julai 1870 hata Februari 1871. Wengi wa watu aliotoka nao pwani walikuwa wamemwacha. Walibaki watatu: Susi, Chuma na Gardner. Hao ndio waliompatia maji, moto na chakula. Katika Maniema aliisoma Biblia yote mara nne.

Alipoweza kusimama alikwenda Nyangwe, kijiji cha soko kando ya Lualaba, juu ya Kindu, karibu na Kasongo. Huko, tarehe 15 Julai 1871, aliona kwa macho yake watu wa wafanya biashara ya watumwa wakiwapiga bunduki wanawake waliokuja sokoni. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Habari hiyo aliyoiandika iliwashtusha watu wa Ulaya, ikasaidia kulifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Lakini yeye alivunjika moyo. Akarudi Ujiji akiwa kama mifupa mitupu, na huko akakuta kwamba mtu aliyewekewa mali yake ameiuza yote. Hakubakiwa na kitu.

Baada ya siku chache akaja Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, akileta dawa, nguo na chakula. Livingstone akapata nguvu. Stanley alimsihi warudi pamoja Ulaya, apate matibabu na kuwaona watoto wake. Ndugu wasomaji, huu ndio ulikuwa wakati wake wa kuchagua. Umri wake ulikuwa miaka 58. Damu ilikuwa ikimtoka. Rafiki alikuwa amesimama mlangoni. Naye alikataa, kwa sababu kazi yake ilikuwa haijamalizika.

Hatumhukumu. Alitaka kuitimiza kazi aliyoianza, na jambo hilo si baya. Tena hakuwa mtu asiyefikiri yajayo. Machi 1872, walipoagana karibu na Tabora, alimkabidhi Stanley daftari lake limetiwa lakiri, alipeleke kwa binti yake Agnes, pamoja na barua. Maandishi yake aliyaweka salama. Bali mwili wake hakuupangia kitu, na watu waliokuwa karibu naye hakuwaachia agizo lolote la siku ya kufa.

Mwezi wa Agosti 1872 akaondoka tena, akielekea ziwa Bangweulu. Mvua ilinyesha sana, nchi ikawa maji matupu. Chuma na wenzake walimbeba mabegani kuvuka mito. Mwezi wa Aprili 1873 hakuweza tena kutembea wala kupanda punda, wakamfanyia machela ya fito. Kila alipoguswa aliumia. Walipofika kijiji cha mfalme Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walijenga kibanda upesi, wakamwekea kitanda kilichoinuliwa juu ya ardhi yenye maji, wakawasha moto mlangoni. Kijana Majwara akalala karibu naye, ili mgonjwa asiwe peke yake usiku.

Susi alimletea sanduku la dawa, akamshikia taa. Macho ya mgonjwa yalikuwa yamefifia, akachagua dawa kwa shida, akamruhusu Susi aende. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 1 Mei 1873 Majwara alikimbia kumwita Susi. Walipoingia wakamwona amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa chake katika mikono juu ya mto. Alikuwa amekwisha kufa. Umri wake ulikuwa miaka 60.

Sasa watu wale walikuwa na shauri gumu. Bwana wao amekufa mbali na kwao, wala hakuwaambia azikwe wapi. Kwanza walikusanyika wote, wakafungua masanduku yake mbele ya macho ya kila mtu, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaorodhesha kila kitu, ili pasitokee wizi wala masingizio. Kisha wakashauriana, wakaamua kumrudisha kwa watu wa ukoo wake. Walimwambia Chitambo kweli, naye akawaruhusu na kuomboleza pamoja nao. Wakautoa moyo wake wakauzika chini ya mti wa mpundu, Jacob akasoma sala, na jina la marehemu likachongwa katika mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha kwa jua siku kumi na nne, wakaufunga kwa nguo, magome na turubai.

Wakauchukua mzigo ule zaidi ya kilomita 1,500, muda wa miezi tisa hivi. Wengine kati yao walikufa njiani. Katika vijiji vingine watu waliogopa maiti wakawakataza kupita. Huko Tabora Mzungu mmoja, Cameron, aliwashauri wamzike hapo hapo. Walikataa. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, na mwili ukapokelewa katika misioni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, shirika lile lile lililokuja baadaye kuhubiri Injili huku kwetu Kindu. Kutoka hapo ulipelekwa London, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa kwa heshima kubwa katika kanisa la Westminster, pamoja na wafalme.

Je, mnalikumbuka lile kaburi la msituni? Livingstone alitamani kulala chini ya miti, mifupa yake isisumbuliwe. Moyo wake tu ndio uliopata kaburi la namna hiyo. Mifupa yake ilisafirishwa kuvuka nchi na bahari, ikawekwa katikati ya mji mkubwa. Susi na Chuma hawana kosa. Walitenda kwa upendo na uaminifu ambao watu wanausimulia hata leo. Lakini maandishi yake ya miaka ile yalikuwa yamefungwa kwa lakiri, yamepelekwa Ulaya. Tamaa yake aliiambia karatasi. Hakuwaambia wale waliolala mlangoni pake.

Ndugu wakatekumeni, hapo ndipo penye mafundisho yetu. Wengi kati yetu huogopa kunena habari za kufa. Hudhani kwamba mtu akitaja kifo chake anakiita. Basi baba hunyamaza, mama hunyamaza, na siku ya ugonjwa watu wa nyumbani hutazamana tu. Huyu ataka kumpeleka hospitali, huyu kwa mganga wa kienyeji, na mgonjwa hawezi tena kusema. Akiisha kufa, ndugu wa mume huchukua baiskeli, mabati na mashamba, na mjane hufukuzwa na watoto wake. Mateso hayo hayakuletwa na kifo peke yake. Yaliletwa na kunyamaza.

Kwa hiyo, ungali na nguvu, fanya mambo haya. Ukiona ugonjwa umeanza, usiufiche kwa haya. Nenda hospitali ungali waweza kusaidiwa. Mwambie mke wako au mume wako, na mtoto mkubwa, na mtu mmoja mwaminifu, unataka utunzwe namna gani na nani, na uzikwe wapi. Taja madeni yako na mali yako mbele ya mashahidi, na ukiweza iandikwe karatasi yenye sahihi, kama vile Jacob alivyoandika mbele ya wote. Sema wazi kwamba nyumba ni ya mjane na watoto. Wala karatasi isifichwe. Wale watakaokaa kando ya kitanda chako wajue maneno yake.

Nanyi wakatekumeni mna neno moja zaidi. Waambieni watu wa nyumbani mwenu, hata wale wasiosali, kwamba mkipatwa na hatari ya kufa kabla ya siku ya Ubatizo, wamwite padri au katekista bila kukawia. Padri akiwa mbali, katekista aweza kuwabatiza. Na katika hatari hiyo mtu yeyote aweza kubatiza, akimwaga maji kichwani na kutamka maneno ya Ubatizo kwa nia ya Kanisa. Nao waliokwisha kubatizwa wasingoje pumzi ya mwisho ndipo waombe Mpako wa Wagonjwa. Sakramenti hiyo ni ya walio hai. Humtia mgonjwa nguvu, humpa amani, na Mungu akipenda humrudishia afya.

Mwisho, tusiwasahau Susi, Chuma na kijana Majwara. Hawakuwa na dawa ya kumponya bwana wao. Walikuwa na mabega ya kumbebea, moto wa kumpasha, taa ya kumwangazia, na mtu wa kulala karibu naye. Katika kijiji chako yuko mzee mmoja asiyeweza tena kutoka nje ya nyumba. Yeye hahitaji makuu. Leo jioni mpelekee maji na kuni, keti kando yake, umwulize polepole anataka nini siku zake zitakapokwisha. Kisha rudi nyumbani, ukawaambie watu wako na wewe unataka nini.